Waliniambia nina mapepo

Nilikuwa napigwa viazi vikishauzwa. Kwetu, kwenye miinuko ya Uporoto mkoani Mbeya, lori la mnunuzi likiondoka na magunia, hela hubaki mkononi mwa mwanamume. Mwanamke aliyepanda, akapalilia na kuchimba akiulizia ada ya mtoto, anaitwa mjuaji. Miaka saba majira yangu yalikuwa hayo: kupanda, kupalilia, kuvuna, kupigwa.

Vipigo sitavisimulia. Jicho likivimba kijiji kizima kinaliona. Nataka niseme kilichofuata, ambacho hakuna aliyekiona kuwa ni ugonjwa.

Kwanza usingizi ulinikimbia. Nilikesha nikisikiliza kandambili za mume wangu akirudi kutoka kwenye pombe ya komoni, na kwa jinsi alivyoziburuza nilijua usiku utakuwaje. Baadaye moyo ukawa unaenda mbio hata siku ambazo amesafiri. Nikaanza kusahau. Mboga naitia chumvi mara mbili, jembe ninalo mkononi bado nalitafuta. Kichwa kiliuma kuanzia utosini hadi shingoni. Zahanati walinipa dawa za maumivu, safari nyingine dawa za vidonda vya tumbo, na hakuna aliyeniuliza nyumbani kukoje. Nilipoacha kuongea na watu, wifi yangu akasema nina mapepo. Nikapelekwa kwenye maombi mara mbili. Siyadharau maombi, mimi mwenyewe ni mwombaji. Lakini niliombewa pepo litoke, na jioni nikarudishwa kwa mtu anayenipiga.

Mama yangu alisema, "Vumilia mwanangu, ng'ombe za watu tulishapokea." Simlaumu, naye aliambiwa hayo hayo. Wazee walipokaa kikao, swali la kwanza lilikuwa: ulimfanya nini? Mume akatozwa mbuzi, wazee wakamla, mimi nikabaki na mume.

Aliyenifungua ni muuguzi mmoja, siku nimempeleka mtoto kliniki. Alifunga mlango, akaniuliza taratibu, "Mama, nyumbani unaishi kwa amani?" Nililia mpaka kanga ikalowa. Nikamwambia ziko siku nalala nikitamani nisiamke. Hakunikemea wala hakunihubiria. Siku hiyo hiyo alinishika mkono hadi kwa afisa ustawi wa jamii, nikaandikiwa kwenda hospitali ya wilaya, na huko ndiko nilikolisikia neno sonona, ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, kwa mara ya kwanza. Nilipata dawa, nikapata na mtu wa kuongea naye kila mwezi. Usingizi ulirudi kidogo kidogo. Mpaka leo mlango ukibamizwa kwa upepo nashtuka.

Baadaye nikaja kujua kwamba Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya utafiti wake mwaka 2005, na Mbeya ilikuwamo. Kati ya wanawake wa Mbeya waliowahi kuwa na mwenzi, asilimia 56 walisema walishafanyiwa ukatili wa kimwili au wa kingono na mwenzi wao. Zaidi ya nusu, na kila mmoja wetu amejifungia ndani akidhani ni aibu yake peke yake.

Dada yangu unayeishi hivi, kama umefika mahali pa kutamani kufa, mwambie mtu leo hii. Usingoje mavuno yaishe. Ukienda zahanati usiseme kichwa tu. Sema kichwa kinauma na nyumbani napigwa, maana asiyejua chanzo atakutibu kichwa miaka yote. Ukiumizwa, kituo cha polisi watakupa PF3, ile fomu ya kwenda nayo kutibiwa, ambayo baadaye inakuwa ushahidi. Uliza Dawati la Jinsia na Watoto. Kama kituo kiko mbali, na kwetu ni mbali kweli, anza na msaidizi wa kisheria wa kata au mtendaji. Cheti cha ndoa, kadi za kliniki za watoto na nauli, viweke kwa mtu unayemwamini, nje ya nyumba hiyo. Usimtangazie mume kwamba unaondoka, kwani wakati wa kuondoka ndio wa hatari kuliko wote.

Ukiambiwa mume ana haki ya kumrudi mkewe, jua kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inakataza mwenzi kumwadhibu mwenzake kwa kipigo. Ukiambiwa utatoka mikono mitupu, mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilikubali kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango katika mali ya ndoa. Sembuse wewe uliyechimba viazi.

Na wewe jirani, shangazi, mama mchungaji: mwanamke akikujia usimuulize alimfanya nini. Mpe maji, msikilize amalize, muulize usiku huu atalala wapi.

Alhamisi iliyopita kwenye kikoba alikuja dada mmoja amejitanda kitenge hadi shavuni. Sikumuuliza kitu mbele ya wenzetu. Tulipotawanyika nikamwambia tuongozane, njia yangu inapita kwake, ingawa haipiti.