Elewa Kidogo, Tii Leo: Kwa Anayeanza Kujifunza Maandiko

Ndugu unayeanza, kuna swali ambalo karibu kila mgeni katika kikundi chetu cha kujifunza Biblia huliuliza baada ya majuma machache: mbona ile shangwe ya kwanza imepungua? Anadhani imani yake imepoa, au kwamba kusoma Neno ni karama ya watu wengine. Mimi humrudishia swali: jambo la mwisho ulilolielewa, umelitenda? Miaka yote niliyokaa na wanaoanza imenionyesha kwamba hapo ndipo furaha hukwama mara nyingi. Kuelewa Neno kuna furaha yake. Kulitii kuna nyingine, nayo ndiyo inayokaa.

Fungua Nehemia sura ya 8, uisome polepole. Watu waliorudi kutoka uhamishoni wamekusanyika Yerusalemu, mbele ya lango la maji. Kuhani Ezra amesimama juu ya jukwaa la mti, anasoma torati tangu asubuhi mapema hata adhuhuri, na Walawi wanawafafanulia watu maana yake. Kwanza watu wanalia. Wanaambiwa wasihuzunike; waende wakale na kunywa, na wawapelekee sehemu wasio na kitu. Mstari wa 12 unasema walifanya furaha kubwa kwa sababu walikuwa wameyafahamu maneno waliyohubiriwa.

Wengi huishia hapo. Wewe endelea. Siku ya pili wakuu wa jamaa, makuhani na Walawi wanarudi kwa Ezra ili wachunguze zaidi, na wanakuta imeandikwa kwamba Israeli wakae katika vibanda wakati wa sikukuu ya mwezi wa saba. Hawaundi kamati ya kulijadili jambo hilo. Wanapanda mlimani, wanaleta matawi ya mizeituni na ya mitende, wanajenga vibanda juu ya madari yao na katika nyua zao. Kisha mstari wa 17 unasema palikuwa na furaha kubwa mno. Nimeisoma sura hii mara nyingi sana, na bado hunigusa kwamba furaha hii ya pili iliwafikia kupitia watu waliorudi kesho yake kujifunza tena.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: usifunge Biblia kabla hujapata jambo moja la kutenda leo. Moja linatosha. Ndugu mmoja alikuwa amekwama katika Mambo ya Walawi, kitabu ambacho wengi hukiruka. Nikamwomba asome sura ya 19 tu. Alipofika mstari wa 13, unaosema ujira wa mtu wa kuajiriwa usikae kwako usiku kucha hata asubuhi, alinyamaza. Alikuwa na kibarua anayemdai. Jioni hiyo hiyo alimlipa, na kesho yake alinipigia simu akitaka kujua sura ya 20 inasema nini! Tangu siku hiyo sijawahi kumhimiza asome.

Kuhusu kiasi cha kusoma sina mengi ya kusema. Biblia ina sura 1,189, na ukisoma tatu au nne kila siku utaimaliza kwa mwaka. Ni mpango mzuri, ila kwa anayeanza napendelea Injili ya Marko. Ina sura 16, ndiyo fupi kuliko Injili nyingine, na itakukutanisha na Yesu mwenyewe kabla hujaingia kwenye orodha za vizazi. Ukikosa siku kadhaa, usijaribu kulipa deni la sura zote ulizoruka. Soma ya leo.

Jambo moja ambalo vijana hunishangaa nikiwashauri ni kunakili kwa mkono. Kumbukumbu la Torati 17 inamtaka mfalme wa Israeli ajiandikie nakala ya torati, awe nayo na kuisoma siku zote za maisha yake, ili moyo wake usiinuke juu ya ndugu zake. Kama mfalme mwenye waandishi alipewa kazi hiyo, sisi tutashindwaje kuchukua daftari? Anza na Wafilipi, sura 4 zenye mistari 104. Nakili mistari michache kwa siku. Mkono huenda taratibu kuliko macho, na neno ambalo ungelipita utalazimika kukaa nalo.

Sasa sikiliza hili kwa makini, kwa maana nimewaona watu wazuri wakiumia hapa. Utii unaweza kugeuka mzigo. Mtu anaanza kuhesabu aliyoyatenda na aliyoshindwa, na kila sura inakuwa kesi mpya dhidi yake. Mtu wa namna hiyo mimi humwambia asome Zaburi 119 yote. Ina mistari 176, na karibu kila mstari unaitaja sheria ya Mungu, amri zake, shuhuda zake au neno lake. Mwandishi anasema anazipenda, anazitafakari mchana kutwa, ni tamu kuliko asali kinywani mwake. Halafu tazama mstari wa mwisho kabisa: anasema ametangatanga kama kondoo aliyepotea, na anamwomba Mungu amtafute. Mtu aliyeipenda sheria kiasi hicho bado anahitaji kutafutwa, na hakuona aibu kulisema. Nawe ukianguka, sema hivyo hivyo, kisha urudi kwenye ukurasa uliouacha. Yohana, katika waraka wake wa kwanza, anasema kumpenda Mungu ni kuzishika amri zake, na mara moja anaongeza kwamba amri hizo si nzito. Kabla ya amri hizo upo upendo wa aliyetupenda kwanza. Usizisome kana kwamba haupo.

Usijifunze peke yako daima. Towashi Mwethiopia katika Matendo 8 alikuwa anamsoma Isaya garini, na alipoulizwa na Filipo, mhubiri wa Injili, kama anaelewa, alijibu kwamba hawezi mtu asipomwongoza. Yule alikuwa mtu mwenye mamlaka, msimamizi wa hazina ya malkia, na bado alimkaribisha Filipo apande aketi naye. Akabatizwa, akaenda zake akifurahi. Tafuta mtu wa kumwuliza, hata kama ni mdogo kwako kwa umri.

Na usidhani kuna siku utahitimu. Danieli alichukuliwa Babeli akiwa kijana. Katika sura ya 9 amekwisha kuwa mzee, ametumikia wafalme na ameonyeshwa maono makubwa, lakini tunamkuta anasoma vitabu, anapata katika Yeremia hesabu ya miaka 70 ya ukiwa wa Yerusalemu, kisha anafunga na kuomba. Alichokielewa kilimpeleka magotini. Paulo naye, akiwa gerezani na akijua wakati wake wa kufariki umekaribia, alimwandikia Timotheo amletee joho na vile vitabu, hasa vile vya ngozi. Mimi nikisoma hapo hutamani kuzeeka hivyo.

Baadhi yenu mnaanza mkiwa na mvi tayari, na mmeniuliza kama mmechelewa. Anzeni na Luka sura ya 2, mkutane na Simeoni, na Ana aliyekuwa mzee sana, waliomwona mtoto Yesu hekaluni. Kama macho yamechoka, tafuta Biblia ya maandishi makubwa au isikilize ikisomwa kwenye simu. Bora zaidi, mwombe mjukuu akusomee sura moja kila jioni, na mkimaliza, muulizane mtatenda nini kesho.