Oili inayovuja chini ya Volkswagen Beetle
Ndugu yangu, umeeleza kwamba Beetle yako ya mwaka 1967 inadondosha oili tangu ulipoibadilisha, ingawa umezikaza nati mara mbili. Nakusihi, usizikaze tena. Injini hiyo haina sampo (bakuli la oili la chini) ya kufunguliwa, bali ina kibati cha duara kinachoshikwa na nati 6 ndogo, nacho kikikazwa kupita kiasi hupinda penye matundu, na stadi (vijiti vya skrubu vinavyoshika nati) huweza kung'oka pamoja na meno ya tundu lake, kwa kuwa bloku (mwili wa injini) ni ya aloi laini ya magnesiamu.

Kilaze kibati juu ya kioo, na mwanga utakapopenya chini yake, pagonge taratibu mpaka panyooke. Weka gasketi mpya pande zote mbili za chujio la oili lililo juu ya kibati, na washa (vipete) mpya za shaba kwenye nati, kisha kaza kwa nyutonimita 7 tu.