Jibu: Siku moja Fort Worth bila gari

Habari ndugu. Kama nimekuelewa, unatua DFW (uwanja wa ndege wa Dallas Fort Worth, Texas), una siku moja, huna gari, na umeambiwa Fort Worth bila gari haitembeleki. Inatembeleka.

Kwanza angalia ratiba ya TEXRail, treni inayoondokea Terminal B hapo hapo uwanjani. Usipitilize hadi katikati ya mji. Shuka kituo cha North Side, Stockyards (mtaa wa kale wa soko la mifugo) si mbali hata kwa miguu, ila kiangazi beba maji. Uwe Exchange Avenue saa 5:30 asubuhi au saa 10 jioni (Wamarekani huandika 11:30 na 4:00), ng'ombe wa pembe ndefu wanapopitishwa barabarani. Wahi nafasi ukingoni: wanapita taratibu, makauboi juu ya farasi ubavuni, na kwato unazisikia kwenye matofali.

Tafadhali usiiruke sanamu ya Bill Pickett, karibu na Cowtown Coliseum, ukumbi wa michezo ya makauboi. Ni kauboi mweusi aliyeupa umaarufu mchezo wa kuruka kutoka juu ya farasi na kumwangusha ndume kwa pembe. Wengi wetu tunapita tukidhani ukauboi ulikuwa wa wazungu peke yao, na hilo linaniuma.

Muda ukibaki, chukua teksi hadi Amon Carter Museum, jumba la sanaa, uone michoro ya Remington na Russell, wasanii waliochora maisha ya makauboi. Kiingilio ni bure.