"Raia wa kigeni", "wakazi wasio raia" na kura iliyotolewa kimakosa

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mhariri wa habari za kimataifa. Tulikuwa na habari kuhusu nchi zinazowaruhusu watu wasio raia wake kupiga kura, na chumba kizima cha habari kikagawanyika. Mwandishi aliandika "raia wa kigeni". Mwenzangu akapinga kwamba mtu hawezi kuwa raia na papo hapo awe wa kigeni, akataka "wakaazi wa kigeni". Mwingine akaleta "wananchi wasio na uraia". Mwisho kichwa cha habari kikatoka hivi: "Bunge lakataa kuwapa wageni kura". Nani kati yetu alikuwa sahihi? Na ni wakazi au wakaazi?

JIBU: Marahaba. Mwenzako ana sikio zuri, ila hapa amelaumu neno lisilo na kosa. Mtu hawi raia hivi hivi tu. Huwa raia wa mahali fulani. "Raia wa kigeni" ni ufupisho wa "raia wa nchi ya kigeni", na umekwisha kuzoeleka kama "balozi wa kigeni" na "fedha za kigeni". Sarufi yake ni safi. Kinachoniudhi ni kwamba linasema jambo moja tu, ilhali habari yenu ilihitaji mawili. Linatuambia kwamba mtu huyo ni wa dola nyingine. Halituambii anaishi wapi. Mtalii aliyeshuka kwenye ndege leo asubuhi ni raia wa kigeni pia, na sijasikia bunge lililokaa kujadili namna ya kumwandikisha awe mpiga kura.

Wanaojadiliwa ni wakazi. Zisome sheria zenyewe uone zinapima nini. New Zealand imewaruhusu wakazi wa kudumu kuchagua wabunge tangu 1975. Katiba ya Malawi, kifungu cha 77, inamtambua mpiga kura kuwa raia au, kama si raia, mtu aliyefanya makazi yake nchini humo kwa miaka 7. Uruguay inadai miaka 15, pamoja na familia nchini na kazi au mali. Katiba ya Ecuador ya 2008 inadai miaka 5. Sweden iliwafungulia mlango katika uchaguzi wa halmashauri na mikoa wa 1976, kwa sharti la miaka 3 ya makazi. Kote humo swali la kwanza ni mtu amekaa kwa muda gani. Ukiandika "raia wa kigeni" umeiacha nje hoja ambayo sheria nzima imesimama juu yake. Kwa hiyo chaguo langu la kwanza ni "wakazi wasio raia".

"Wakazi wa kigeni" je? Linafaa mara nyingi, na ni jepesi mdomoni. Ila lina watu linaowasahau, na watu hao wana historia yao katika jambo hili hili. Chukua Estonia. Katiba yake ya 1992, iliyoandikwa baada ya kujitoa katika Muungano wa Kisovieti, iliwapa wakazi wa kudumu haki ya kupiga kura katika uchaguzi wa serikali za mitaa hata kama si raia. Humo mlikuwa na makundi mawili. Kuna waliochukua uraia wa Urusi, na kuna waliobaki bila uraia wa nchi yoyote dola ya zamani ilipovunjika, wakawa wanatembea na pasipoti ya kijivu. Machi 2025 bunge la Estonia lilibadili katiba. Raia wa Urusi na wa Belarus walipoteza haki hiyo papo hapo. Wale wasio na uraia wowote wakaachiwa uchaguzi mmoja wa mwisho, wa Oktoba mwaka huo huo. Sasa mhariri aliyeandika "raia wa kigeni wanyang'anywa haki ya kupiga kura" alikuwa sahihi kwa kundi la kwanza. Kama alikusudia makundi yote mawili, aliwapa uraia watu ambao tatizo lao ni kutokuwa nao.

Hapo ndipo ninapomjibu yule aliyependekeza "wananchi wasio na uraia". "Asiye raia" na "asiye na uraia" yanafanana kwa macho, lakini tofauti yake ni kubwa. "Asiye raia" husomwa kwa kuifikiria nchi inayozungumzwa: si raia wa hapa, huenda ni raia wa kwao. "Asiye na uraia" husomwa kwa kuifikiria dunia nzima: hana pa kudai. Wengine husema "asiye na utaifa", nami sina ugomvi nalo, maadamu mtu asilitumie kwa kila mhamiaji. Afrika Mashariki tunaujua mkasa huu vizuri. Wamakonde wa Kenya, na baada yao Washona na Wapemba, waliishi nchini humo kizazi baada ya kizazi bila uraia. Katiba ya Kenya inampa haki ya kuandikishwa mpiga kura raia mtu mzima, basi siku ya uchaguzi walibaki watazamaji. Wamakonde walitambuliwa 2016. Kabla ya hapo walikuwa wakazi wasio na uraia, na ukiwaita "raia wa kigeni" ingebidi utuambie wa nchi gani.

(Ukikutana na "wasiokuwa raia" usipoteze wino mwekundu. "Wasio raia" na "wasiokuwa raia" yote yanakubalika. Mimi hupenda la kwanza kwa ufupi wake.)

Nakaa kidogo kwenye neno "wananchi", kwa sababu ndilo linaloteleza zaidi. Katika mazungumzo mwananchi ni mtu wa kawaida, asiye na cheo, aliye kwenye foleni. Katika hotuba ni kila mtu aliyesimama mbele ya jukwaa. Katika sheria lakini linakaribiana sana na raia. Ibara ya 5 ya Katiba ya Tanzania ya 1977 inatumia yote mawili katika sentensi moja: haki ya kupiga kura ni ya "kila raia" aliyetimiza miaka 18, katika uchaguzi unaofanywa na "wananchi". Raia ni mmoja mmoja mwenye haki. Wananchi ni umma unaotenda kwa pamoja. Ibara ya 8 inaendelea kwamba wananchi ndio msingi wa mamlaka yote. Je, aliyeishi nchini miaka 30 kwa kibali ni mmoja wao? Mtaani watakwambia ndiyo bila kusita. Wanasheria wataomba muda.

Usidhani huo ni ubishi wa wapenda kamusi. Ujerumani ulifika mahakamani. Mwaka 1989 majimbo ya Schleswig-Holstein na Hamburg yalipitisha sheria za kuwaruhusu baadhi ya wageni kupiga kura katika ngazi ya chini; Hamburg ilidai miaka 8 ya makazi. Tarehe 31 Oktoba 1990 Mahakama ya Katiba ilizifuta zote mbili. Hoja ilizunguka neno moja la ibara ya 20 ya Sheria ya Msingi, yaani katiba ya Ujerumani, ile inayosema mamlaka yote ya dola hutoka kwa "Volk", neno la Kijerumani la watu au umma. Mahakama ikasema hao ni Wajerumani, yaani wenye uraia, na si kila anayetawaliwa na dola hiyo. Sasa jiweke katika kiti cha mfasiri. Ukiandika "mamlaka yote hutoka kwa wananchi", umeshakubaliana na mahakama kabla msomaji hajaisikia kesi. Ukiandika "hutoka kwa watu", umeacha mlango wazi, na msomaji ataelewa kwa nini kulikuwa na kesi hata kidogo. Katika habari hiyo mimi ningeandika "watu", kisha hukumu yenyewe niieleze kwa "raia".

Hata "wakazi" halikosi mitego. Katiba ya Japani, ibara ya 93, inasema viongozi wa serikali za mitaa huchaguliwa na wakazi wa eneo husika. Wageni wenye ukazi wa kudumu wakaenda mahakamani wakisema: sisi ni wakazi, neno limeandikwa. Tarehe 28 Februari 1995 Mahakama ya Juu ilijibu kwamba wakazi wa ibara ile ni Wajapani wakazi. Ikaongeza, na hili waandishi wengi hulidondosha, kwamba katiba haikatazi bunge kutunga sheria ya kuwapa wakazi wa kudumu kura katika ngazi ya mitaa. Kwa hiyo "mahakama yapiga marufuku" lingekuwa kosa. Ilisema tu hawawezi kuidai kwa katiba hiyo.

Sasa kichwa chenu cha habari. "Kuwapa wageni kura" kwa Kiswahili kuna maana yake tayari, na siyo mliyoikusudia. Mgombea anaposimama jukwaani akasema "nipeni kura", anaomba achaguliwe. Kumpa mtu kura ni kumchagua. Basi "Bunge lakataa kuwapa wageni kura" kinasomeka kwamba wabunge walipiga kura, wageni walikuwa wagombea, wakashindwa. Mlichotaka kusema ni kuwapa haki ya kupiga kura, au kuwaruhusu kupiga kura. Najua kichwa cha habari kina nafasi finyu, ila "kuruhusu wageni kupiga kura" hakijaongeza sana.

Na kuhusu kitenzi hicho kuna utajiri ambao lugha nyingi zingeuonea wivu. Kupiga kura, kumpigia kura mtu, kupigiwa kura: kitenzi kimoja, viambishi vichache, na tayari una haki mbili tofauti kisheria. Anayepiga anachagua, anayepigiwa anagombea. Mkazi wa kudumu wa New Zealand anapiga kura ya ubunge, lakini kwa kanuni ya leo hapigiwi, maana kugombea ni kwa raia. Ufaransa iko mahali pa kati. Kutokana na Mkataba wa Maastricht wa 1992, raia wa nchi nyingine za Umoja wa Ulaya wanaoishi huko wamepata haki ya kupiga kura za mabaraza ya miji na ya kupigiwa pia. Mreno anaweza kuwa diwani. Umeya na unaibu meya katiba imemfungia. Mmoroko aliye jirani yake hana hata ile kura ya kwanza. Ukiandika kwa ujumla kwamba "wageni wana haki ya uchaguzi", umeyafunika yote hayo. Sema wanapiga, au wanapiga na kupigiwa, na wapi.

"Wageni" nalo? Silifukuzi, ni neno letu. Lina mizigo tu: mgeni ni asiye wa nchi hii, ni aliyekuja kukutembelea, na ni asiyejua njia za mahali. Methali inatuambia mgeni siku ya tatu mpe jembe; kuhusu kura haikusema kitu. Katika aya ya pili au ya tatu ya habari, mkishaeleza ni nani hao, "wageni" litafaa kupumzisha ulimi. Kwenye sentensi ya kwanza linakusanya watu ambao sheria imewatenganisha. Uingereza, kwa mfano, Mkenya au Mtanzania anayeishi huko kihalali anaweza kumchagua mbunge, kwa sababu sheria ya huko inamhesabu kuwa raia wa Jumuiya ya Madola. Mfaransa aliyekaa mtaa huo huo maisha yake yote ya kazi hawezi, asipochukua uraia. Wote wawili ni wageni. Tena yule aliyekwisha kupata uraia wa tajnisi msimrudishe kundini humo: ni raia kamili, hata kama matamshi yake bado yana ladha ya kwao.

Jambo dogo la mpangilio. Nimeona mahali pengi "haki ya kupiga kura ya wakazi wa kigeni". Hiyo "ya" ya pili ni ya nini, haki au kura? Haki na kura zote ni za ngeli moja, hivyo upatanisho hautusaidii, na msomaji aliyezoea "kura ya maoni" na "kura ya siri" ataanza kutafuta kura ya wakazi ni kura ya aina gani. Mtangulize mwenye haki: "haki ya wakazi wasio raia kupiga kura". Imekwisha.

Nimebakiza mkazi na mkaazi. Kamusi sanifu huanza na "mkazi", nami huandika hivyo. Lakini "mkaazi" si la kukwaruzwa. Linasikika sana Kenya na Zanzibar, na limo katika lugha rasmi: idara ya uhamiaji ya Tanzania hutoa "kibali cha ukaazi", na Zanzibar ilitunga sheria mwaka 2005 ya kumuandikisha na kumpatia kitambulisho "Mzanzibari Mkaazi". Hilo la mwisho usiliguse kabisa, ni jina la kisheria, na tena linahusu jambo letu kwa upande wa pili: katika uchaguzi wa Zanzibar uraia wa Tanzania peke yake hautoshi, ukaazi unatakiwa. Kwingine chagueni moja muandike hilo hilo tangu kichwa cha habari hadi nukta ya mwisho. Habari yenu mliyoniambatishia ina "wakazi" mara mbili na "wakaazi" mara tatu.