Nafuta kila ninachoandika, nifanyeje?

SWALI: Shikamoo anko. Mimi ni binti niko Igombe huku Mwanza, nataka kuandika hadithi ya marehemu baba alikuwa mvuvi wa dagaa. Kila usiku naandika aya moja kwenye simu, naisoma, naona mbaya, nafuta. Mwanzo wangu ni "Ilikuwa asubuhi tulivu yenye kupendeza", nimeubadilisha mpaka nimechoka. Mama alikuwa akisikia tu baba anavyokohoa akipanda kutoka mwaloni anajua leo kapata au kakosa, anawasha moto ama anarudi kulala, sasa vitu kama hivi mtu anavianzaje? Au sina kipaji?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kipaji tukiache kwanza, maana hakuna anayeweza kukupima kwa aya ambazo umeshazifuta. Hebu soma tena barua yako, hapo kwa mama na kile kikohozi ndo hadithi imeanza, na imetoka vizuri kwa sababu ulikuwa unanieleza mimi tu. Asubuhi tulivu achana nayo. Mvuvi wa dagaa kazi yake ni usiku, anavua kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali wengi hawatoki kwa sababu dagaa hawaifuati taa vizuri, sasa siku hizo za mbalamwezi baba alishindaje nyumbani, mlikula nini, mama alikopa kwa nani? Andika hayo.

Tatizo lako unaandika na kuhariri kwa wakati mmoja. Dagaa wanatoka ziwani wamechanganyika na visamaki vingine kama furu na takataka, na hakuna anayekaa kuwachambua katikati ya ziwa usiku, wanaletwa kwanza nchi kavu. Na wewe andika kwanza, kuchambua baadaye. Chukua kaunta buku na peni, simu iweke pembeni maana inafuta kirahisi mno, kwenye daftari hata ukikata neno bado linaonekana na kesho unaweza kulitaka. Usipokumbuka kitu, labda bei ya ndoo ya dagaa enzi hizo, acha nafasi andika "nimuulize mama" halafu songa. Kisukuma kikija kiweke hivyohivyo. Ukikwama kabisa jirekodi ukimsimulia mdogo wako, kisha sikiliza uandike.

Na kurasa za jana usizisome mpaka hadithi ifike mwisho, najua ni ngumu ila katika yote nakuomba hili ulishike. Ukimaliza nitumie kurasa mbili na makosa yake yote, tuanze kuzichambua pamoja.