Uliza Ujibiwe: Shiti ya mikopo imejaa #VALUE!

SWALI: Habari za kazi mtaalamu. Mimi ni mweka hazina wa kikoba chetu huku Mbagala, mikopo yote naweka kwenye Excel, jina kolamu A, mkopo B, riba ya mwaka C, miezi D, halafu E ni rejesho la kila mwezi natumia PMT. Sasa kuna mistari inaleta #VALUE! mingine #NUM!, na kuna mama kakopa laki tano rejesho lake linasoma 45.84, yani shilingi arobaini na tano! Kijana wa stesheneri akaniwekea IFERROR yenye 0 mwishoni, makosa yote yakapotea nikashukuru, kufika kwenye kikao jumla ya marejesho ikawa ndogo kuliko ya daftari na watu wakaanza kuniangalia. Shida nini?

JIBU: Pole dada yangu, hicho kikao nakiona kilivyokuwa. Anza kwa kuitoa hiyo IFERROR, maana haijatibu kitu, imechukua kila mstari uliogoma ikaandika kwamba huyu mtu anarejesha sifuri, na SUM ikajumlisha hizo sifuri zako vizuri tu. Bora #VALUE! inayokupigia kelele.

Sasa #VALUE! yenyewe. Nakisia hata bila kuiona shiti yako kwamba umeandika 500,000/= kama tunavyoandika kwenye risiti, au kwenye miezi umeandika "miezi 12". Kwa Excel hayo ni maandishi sio namba, na utayajua kwa sababu yanalala kushoto mwa kisanduku wakati namba zinalala kulia (kama hujapanga mwenyewe katikati). Ubaya zaidi, ukijumlisha kolamu ya mikopo kwa SUM, hayo maandishi yanarukwa kimya kimya, hakuna kosa wala nini, jumla inapungua tu. Chagua kolamu B peke yake, bonyeza Ctrl+H, sehemu ya kutafuta weka /= na ya kubadilishia acha tupu, badilisha zote. Ukitaka /= ionekane bado, ingia kwenye fomati ya namba, ile ya kujitengenezea, andika #,##0"/=" na hapo kisanduku kinabaki namba ila machoni ni shilingi.

#NUM! kwenye PMT mara nyingi ni miezi imeachwa wazi au ni 0. Huwezi kugawa deni kwa miezi ambayo haipo.

Na huyo mama wa 45.84, hapo uliandika hela ndani ya fomula, =PMT(1.5%,12,-500,000), si ndio? Koma ndani ya fomula inatenganisha vitu, kwa hiyo Excel imesoma mkopo wa shilingi 500 halafu 000 ikaichukulia ni salio la mwisho. Rejesho lake halisi ni kama 45,840. Usiandike hela ndani ya fomula, elekeza kwenye kisanduku.

Fomula ya kuweka E2 halafu unaivuta chini:

=IF(A2="","",IF(COUNT(B2:D2)<3,"ANGALIA",PMT(C2/12,D2,-B2)))

Kama jina halipo inakaa kimya, kama mojawapo ya vile vitatu sio namba inakwambia ANGALIA. Ila nalo hilo neno SUM inaliruka, kwa hiyo pembeni ya jumla weka =COUNTIF(E2:E60,"ANGALIA"), na mpaka isome 0 usiende na hiyo jumla kwenye kikao.

Halafu kuna makosa hayapigi kelele kabisa. Milioni moja, riba 18% kwa mwaka, miezi 12, rejesho ni kama 91,680. Ukisahau kugawa riba kwa 12 inakuja 208,628 na shiti iko safi kabisa. Tena hii yote ni kama riba yenu inapungua deni likipungua, vikundi vingi wanapiga riba juu ya mkopo wote toka siku ya kwanza, kama na nyie ni hivyo PMT haiwahusu, jumlisha mkopo na riba gawa kwa miezi, hiyo milioni itakuja kama 98,333.

SWALI: Bro nadaiwa milioni 1 riba 18% kwa mwaka inayopungua na deni, nataka nilipe elfu 14 kila mwezi, nimeandika =NPER(18%/12,-14000,1000000) nijue namaliza lini inaleta #NUM!. Nimekosea wapi?

JIBU: Fomula haina kosa kaka. Riba ya mwezi wa kwanza peke yake ni 15,000, wewe unatoa 14,000, deni linapanda kila mwezi na hakuna tarehe ya kumaliza. Weka -30000 uone, itakupa 46.56, yani miezi 47.