Kabla ya Kuandika Chochote kwenye Blokicheni: Ushauri kwa Wanaoanza Kazi ya Kumbukumbu za Afya

Vijana wanaojiunga nasi huwa ninawauliza kwanza ni kitu gani wanakusudia kuandika ndani ya blokicheni, yaani daftari la kidijitali ambalo kumbukumbu zake hufungamanishwa moja baada ya nyingine kama mnyororo. Wengi hujibu bila kusita kwamba wataweka faili zima la mgonjwa, pamoja na majibu ya maabara na picha za eksirei. Liacheni wazo hilo mapema, kwa sababu kilichokwisha kuandikwa kwenye mnyororo huo hakifutiki, ilhali mgonjwa ana haki ya kudai taarifa zake zirekebishwe au zifutwe, kama Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inavyotamka.

Mfano wa njia nyingine ni Estonia, nchi ya Ulaya, iliyoanzisha mfumo wa taifa wa kumbukumbu za afya mwaka 2008, na mwaka 2016 ikashirikiana na kampuni ya Guardtime kulinda kumbukumbu za watu zaidi ya milioni 1. Kumbukumbu zenyewe zilibaki kwenye hifadhidata za kawaida. Kilichopelekwa kwenye mnyororo ni heshi, yaani alama fupi inayokokotolewa kutokana na faili, na inayobadilika mara faili linapobadilishwa.

Kuhusu heshi, nilikosea vibaya. Katika mradi wangu wa kwanza nilikokotoa heshi ya namba ya simu ya mgonjwa pamoja na jibu la kipimo cha VVU, nikaamini kwamba zile tarakimu na herufi 64 zisizosomeka zimeficha kila kitu. Mwenzangu aliketi kando yangu, akaandika programu fupi ya kukokotoa heshi za namba zote za simu zinazowezekana, kila moja kwa jibu chanya na hasi, na kuzilinganisha na zangu, na kabla ya chakula cha mchana alikuwa akinisomea majibu yote. Ni heri kwamba data zile zilikuwa za majaribio. Tangu siku hiyo sikokotoi heshi ya taarifa ya mgonjwa bila kuichanganya na namba ndefu ya nasibu, tofauti kwa kila faili, inayotunzwa nje ya mnyororo. Ikifutwa namba hiyo, heshi inayobaki haimfichui mtu.

Kisha nendeni mkakae kwenye dirisha la mapokezi la kituo cha afya. Mtamwona mama aliyeandikishwa Fatma mwezi uliopita na Fatuma leo, akapewa namba mbili, huku mzio wake wa penisilini ukibaki kwenye faili la kwanza. Blokicheni italinda mafaili yote mawili kwa uaminifu uleule, na daktari atafungua moja tu. Kubalianeni kwanza na makarani wa kumbukumbu namna ya kumtambua mgonjwa, ndipo mguse mnyororo.